Nukta kwenye Kadi ya Mbonea

"Panga nukta ndipo useme mtoto kakonda." Mmeisikia leo kwa mama muuza ndizi, mkacheka, mkadhani ni maneno ya kliniki. Ni methali hiyo, tena ya hapa hapa kwetu Upare milimani, na wenyewe tunawajua. Ketini basi, na huyo wa nyuma aweke simu mfukoni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwalimu wa hesabu, jina lake Nanzia, aliyeolewa kwa Bibi Namkunda. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari, nyumbani alipita kama mgeni. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake: Nanzia, mkwewe Bibi Namkunda, na Nakiete, mjukuu wa Bibi kwa binti yake, aliyekuwa darasa la tano. Na katikati yao Mbonea, kitoto cha Nanzia cha miezi minne, ambacho wote watatu waligombania kukibeba.

Bibi Namkunda hakuwa mtu mbaya, msije mkasema nimemsengenya. Alimpenda mkwewe. Baada ya uzazi alimlea kwa uji wa ulezi na supu, miezi mitatu hakumwacha ainue hata ndoo. Ila lilipofika suala la kurudi shuleni, hapo walishindwana. Bibi aliona mtoto wa kunyonya haachwi na mama anayeshinda na chaki. Nanzia aliona kazi aliyoisotea miaka yote ile haiachi. Mwisho wakakubaliana kwamba atafundisha, atakuwa anashuka nyumbani saa nne na saa saba kunyonyesha, na mtoto atapimwa uzito kila mwezi.

"Mizani ndiyo itakayosema," Bibi alimwambia. "Akiongezeka, fundisha mpaka ustaafu. Akipungua hata chembe, barua ya kuacha kazi unaiandika siku hiyo hiyo, na kalamu nitakutafutia mimi."

Nanzia akakubali. Angefanyaje?

Sasa, mwezi huo ndio alikuwa anafundisha darasa la tano kujumlisha na kutoa desimali. Alikuwa mwalimu hodari, tena anapendwa, lakini siku hiyo saa nne ilikuwa imemkaribia na maziwa yamemjaa mpaka blauzi inalowa. Akawapa watoto kanuni waliyoizoea tangu darasa la pili: pangeni namba, mwanzie kulia. Mifano yote aliyoandika ubaoni ilikuwa na tarakimu mbili baada ya nukta, kwa hiyo majibu yote yakatoka sawa. Nakiete alipata kumi kwa kumi. Nanzia akafurahi, akafuta ubao, akashuka mteremko mbio kwenda kunyonyesha.

Siku ya kliniki ilipofika, Nanzia alikuwa anasimamia mtihani wa darasa la saba, hakuweza kutoka. Bibi akamfunga Mbonea mgongoni, akamchukua na Nakiete wa kumsomea kadi, maana yeye namba za kwenye kadi hazikuwa rafiki zake. Huko foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akaandika, akasema, "Vizuri, mama," akaita mwingine.

Bibi akaketi nje kwenye benchi. "Kila mtu wanamwambia vizuri hawa," alisema. "Hebu soma wewe."

Nakiete akasoma. Mwezi uliopita, sita nukta tatu tano. Mwezi huu, sita nukta nane. Akatoa daftari lake, akapanga kama alivyofundishwa, kuanzia kulia, nane akaiweka chini ya tano.

"Sita na sita zimelingana, Bibi, tuziache," alisema. "Thelathini na tano ukitoa nane, ishirini na saba. Amepungua ishirini na saba."

Bibi hakuuliza ishirini na saba za nini. Alimgeuza Mbonea akamtazama, na papo hapo akaona kila alichokuwa anaogopa kukiona: shingo imekuwa nyembamba, macho yamekuwa makubwa, vidole navyo havina nyama. Roho ilimuuma kweli. Njia ya kurudi inapanda kwa kona, na kila kona ina nyumba, na kila nyumba iliuliza Mbonea hajambo. Kila nyumba Bibi akaijibu, "Kakonda. Ualimu umemkausha."

Maneno yalifika shuleni kabla ya kengele. Mtihani ulipokwisha, mama anayewapikia watoto uji alimshika Nanzia mkono, akamwambia, "Pole, Mwalimu." Nanzia hakungoja kuuliza pole ya nini. Alishuka ule mteremko miguu inatangulia, moyo umebaki nyuma.

Alimkuta Bibi uani, mtoto mapajani.

"Shikamoo, Mama."

Bibi hakuitika. Miaka minne ya ndoa Nanzia hakuwahi kunyimwa marahaba katika nyumba ile, na aliposikia ule ukimya akajua jambo ni zito. Juu ya kigoda palikuwa na karatasi nyeupe na kalamu.

"Keti uandike," alisema Bibi.

Nanzia akaomba kadi. Akaisoma, akarudia, kisha akashusha pumzi. "Mama, mtoto ameongezeka. Tena karibu nusu kilo."

"Nakiete kahesabu. Kapungua ishirini na saba."

"Nakiete amekosea."

"Nani kamfundisha?"

"Mimi."

"Basi chagua mwenyewe," alisema Bibi. "Ama mjukuu wangu kakonda, ama unamwacha na njaa yake ukawafundishe watoto wa watu uongo. Yote mawili karatasi ni hiyo hiyo moja."

Nanzia akaomba daftari la Nakiete, na alipoiona nane imekaa chini ya tano, aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ilikuwa kanuni yake mwenyewe, neno kwa neno. Nakiete alikuwa amesimama kando ya mlango, machozi yanamtoka.

"Ulisema tuanzie kulia, Mwalimu."

"Nilisema, mama. Kosa si lako, ni langu." Kisha akamgeukia mkwewe. "Mama, siku ile nilifundisha kwa haraka. Nilisema nusu ya somo nikakimbilia kunyonyesha. Kama hilo ni la kuachia kazi, nipe kalamu niandike. Lakini mtoto wangu hajakonda, na hilo sitaliandika."

Mtu anayekiri kosa Bibi alikuwa anamheshimu, hata akiwa amekasirika naye. "Nionyeshe," alisema.

Nanzia akachukua kijiti, akainama mchangani. Lakini kabla ya kuandika akauliza, "Mama, watoto wakibishana nani mrefu, unawapimaje?"

"Kwanza nawatoa kwenye mteremko," alijibu Bibi. Huku kwetu, mnajua, uwanja wote umeinama, na mtoto mjanja husimama upande wa juu. "Nawapeleka barazani, nyayo zikae sawa. Huyu Nakiete ndio mchezo wake, anapanda juu halafu anajiita twiga."

"Basi nukta ndiyo nyayo za namba. Yeye kaipandisha moja juu na nyingine kaiacha bondeni." Akaandika sita nukta nane juu, na chini yake sita nukta tatu tano, nukta chini ya nukta. Sasa ile nane ikawa juu ya tatu, na juu ya tano pakabaki patupu.

Bibi akakazia macho pale patupu. "Hapa mtu wake yuko wapi?"

"Hakuna mtu. Tunaweka sifuri. Chukua kilo moja uigawe vikombe kumi, Mama. Mwezi huu ni kilo sita na vikombe vinane, kijiko hata kimoja hakuna. Mwezi uliopita ni kilo sita na vikombe vitatu na vijiko vitano. Vijiko kumi ndiyo kikombe."

Mwanamke yule amepima unga na maziwa maisha yake yote, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alihesabu kwa vidole, mtoto bado mapajani. "Vijiko vitano vingine nifike kikombe cha nne. Kutoka vinne mpaka vinane ni vinne." Akajumlisha. "Vikombe vinne na vijiko vitano."

"Amepungua, Bibi?" aliuliza Nakiete kwa woga.

"Kaongezeka," alisema Bibi. Akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia jikoni kwenye moto. Aliporudi akamkabidhi Nanzia mtoto wake, akasema kwa sauti ya chini, "Marahaba, mwanangu."

Nanzia alilia hapo, na sitawaficha, Bibi naye alijipangusa kwa upindo wa khanga.

Wengi tungeishia hapo. Lakini Bibi Namkunda alitafuta fimbo yake, akajifunga khanga kiunoni. Nanzia alimsihi aketi, magoti yanamsumbua, Nakiete atapeleka habari. Bibi akakataa. Akaanza kushuka ile njia, nyumba moja baada ya nyingine, na kila mlango akabisha hodi, akakataa kukaa, akasema mtoto hajakonda, aliyekosea ni yeye. Kuna waliompokea kwa heshima, kuna waliomcheka akiwa bado anasikia. Kesho yake Nanzia naye alisimama mbele ya darasa la tano akawaambia watoto kwamba alikosea, akaanza somo upya. Lakini hilo alilifanya kwa kuwa alimwona Bibi akishuka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule mpika uji wa shule. Alimwona Bibi anavyohema, akamwonea huruma. "Jambo lenyewe dogo hivi," alisema, "si ungemtuma mtoto?"

"Neno nililileta kwa mdomo wangu," Bibi alimjibu, "kuliondoa ni kwa magoti yangu. Na wewe, siku ukinisikia tena nimesimama hapa namsema mke wa mtu, usinione haya. Niambie kama ninavyokwambia leo: panga nukta ndipo useme mtoto kakonda."