Sifuri ya Kilima cha Nyuki

Wapendwa, nyinyi wa viti vya nyuma sogeeni mbele kidogo, siumi. Leo nawapeleka kaskazini, mbali kule baada ya Isiolo, unapoiacha barabara kuu na kushika njia ya ngamia. Nchi ya mawe ile. Huko alikuwako bwana mmoja, mtu mzima, mume wa mtu na baba wa watoto, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta kobe.

Mnacheka! Haya, chekeni, hata mama mkwe wake alicheka. Lakini huyo si kobe wa kuokotwa njiani. Kobe huyu ni bapa kama chapati, anaishi ndani ya nyufa za miamba, na hutaga yai moja tu kwa mara moja. Wamebaki wachache mno. Kwa hiyo watu wa utafiti walitaka ramani ya vilima vyote vya upande ule, ijulikane kobe yuko wapi na wapi hayuko, ili atakayekuja kujenga au kuchimba asije akawamaliza bila kujua.

Na kobe huyo hatafutwi kwa kusimama. Unapanda kilima kwa mikono na magoti. Ukifika kwenye ufa, unalala kifudifudi juu ya jiwe la moto, unatoa kioo kidogo mfukoni, unakinga jua na kulirusha mle ndani. Kisha unatazama. Ufa mmoja, halafu mwingine, kutwa nzima.

Bosi wake alikuwa mama mmoja msomi, wakimwita Daktari. Siku ya kwanza kabisa aliwafundisha kujaza fomu. Ukimwona kobe, andika idadi. Ukitafuta kilima kizima ukamkosa, andika sifuri. Usipotafuta, kwa sababu yoyote ile, piga mstari.

"Mstari hauna aibu," aliwaambia. "Mstari maana yake tutarudi."

Bwana yule alifanya kazi hiyo miaka mitatu, na aliifanya kwa moyo, tusimwonee. Kilima kimoja kilimvunja kidole. Kwenye kingine aliumwa na nge akalala siku mbili chini ya turubai akiita jina la mamake. Akamaliza vilima arobaini. Kikabaki kimoja.

Hicho cha mwisho kilikuwa kirefu, na juu kulikuwa na nyuki wakali. Alifika chini yake saa nne asubuhi. Lori la kumrudisha nyumbani lilikuwa linaondoka saa nane, na baada ya hapo hakuna lori lingine mpaka wiki ijayo. Na Jumapili ile mtoto wake wa mwisho alikuwa anabatizwa, mtoto ambaye baba yake hajamwona tangu azaliwe. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Akatoa darubini. Akakitazama kilima kutoka chini, kushoto, kulia, kisha akaketi kwenye jiwe na kufungua fomu. Pale karibu palikuwa na mama mmoja mfugaji akichunga mbuzi, akamwuliza, "Mwanangu, unatafuta nini?"

"Kobe, mama. Yule wa kwenye miamba."

"Yule wa kwenye nyufa? Kutoka huku chini?" Mama yule alicheka mpaka akashika kiuno. "Hata mbuzi wangu hawezi kumwona kutoka hapa, na mbuzi ana macho!"

"Juu kuna nyuki, mama. Na nimechoka."

"Pole. Basi sema umechoka."

Lakini hakusema. Mstari ungemrudisha pale wiki iliyofuata, na alitaka kukaa nyumbani. Akaandika sifuri. Kialama kidogo tu, cha mviringo, hata sekunde mbili hakikuchukua. Akapanda lori, mtoto akabatizwa, watu wakala pilau, na maisha yakaendelea.

Miezi minane ikapita. Siku moja akiwa katika shughuli zake upande ule ule, akaona tingatinga mbili chini ya kile kilima. Kulikuwa na kampuni ya kokoto. Wafanyakazi walikuwa wameshawafukuza nyuki kwa moshi, wameshatoboa mashimo ya baruti, wanasubiri kesho. Msimamizi akamwonyesha karatasi kwa furaha: wamepewa kilima hiki kwa sababu ramani inasema hakina kitu.

Alipanda kilima kile hata maji hakubeba. Akalala kifudifudi kwenye ufa wa kwanza, akarusha jua. Hamna. Wa pili, hamna, na jamani, alianza kushukuru. Ufa wa tatu ukamrudishia jicho. Jicho dogo, jeusi, linapepesa. Nyuma yake wawili wengine wamejibana ukutani. Hadi jua linaelekea kuzama alikuwa amehesabu kumi na mmoja, na hakuna kilima katika vile arobaini kilichowahi kumpa zaidi ya wanne.

Sasa hapa ndipo ninapompenda bwana huyu. Angeweza kusema kobe wamehamia. Nani angejua? Alimpigia Daktari simu palepale juu ya jiwe, akasema, "Daktari, sikupanda. Niliandika sifuri na sikupanda." Daktari naye akapiga simu zake, na kabla ya asubuhi baruti ikasimamishwa. Kilima kikapona. Bwana yule akalala akimshukuru Mungu, akidhani yamekwisha.

Kesho yake aliitwa ofisini. Alimkuta Daktari amesimama mbele ya ile ramani kubwa ya ukutani. Hakupandisha sauti.

"Ahsante kwa kusema," akamwambia. "Sasa niambie, kuna sifuri ishirini na sita humu. Ipi ni ya kweli?"

"Zote, Daktari! Hizo nyingine zote nilipanda. Naapa."

"Nakuamini. Lakini hata ile niliiamini."

Akambandulia ramani ukutani, akaitandaza mezani, akampa kalamu. Na bwana yule, kwa mkono wake, akazifuta sifuri zake moja moja na kupiga mstari mahali pake. Alifuta ile ya kilima kilichomvunja kidole. Alifuta ile ya nge. Kazi ya kweli, jasho la kweli, yote inarudiwa, kwa sababu ya mchana mmoja. Alilia pale mezani mtu mzima yule, na sijui nani kati yetu angemlaumu.

Wapendwa, sasa tujiangalie sisi. Sisi tunaandika "hakuna" mara ngapi mahali ambapo hatujafika? Hakuna mwenye njaa mtaa huu. Hakuna shida kwa yule jirani, mbona anacheka. Kijana wetu hana tatizo lolote. Umelala kifudifudi ukatazama, au ulitazama kwa darubini kutoka barazani kwako?

Na msidhani nawasema nyinyi peke yenu. Mwezi uliopita kanisa letu lilijaza fomu ya mwaka. Kuna sehemu inauliza: waumini wagonjwa wasioweza kufika ibadani. Tuliandika hakuna. Sahihi iliyo chini ni yangu. Sikuenda nyumba hata moja.

Jumanne nilikuwa kwa fundi viatu, akaniuliza, "Mchungaji, Mama Kathure mlimzika lini?" Nikamwambia, mbona hajafa? Akasema, "Ahaa. Nilidhani amekufa, maana tangu Pasaka sijaona mtu wa kanisa akiingia kwake."

Mama Kathure! Aliyefagia sakafu hii miaka kumi na tisa. Nyumba yake iko nyuma ya kinu cha posho, dakika kumi kwa miguu. Fundi anasema mguu wake umevimba, hawezi hata kufika mlangoni. Nimejua Jumanne, na leo ni Jumapili, na bado sijaenda, kwa sababu nilikuwa naandaa mahubiri haya mazuri.

Kwa hiyo nayakatisha hapa. Nachukua koti langu, naenda kwake sasa hivi. Nani anakuja nami?