Gongo la Mwakio

Gongo lisilogongwa nyumbani hupasuka uwanjani. Maneno hayo mmeyasikia leo matangani, bibi mmoja akimwambia mfiwa aliyekuwa akizunguka kupanga viti huku macho yake yakiwa makavu, nanyi mkatazamana. Gongo gani, na uwanja gani, katika nyumba ya msiba? Basi tulieni niwaeleze. Hii si methali ya mababu. Baadhi ya walioishuhudia ikizaliwa bado wanatembea hapa Voi, na ilizaliwa namna hii.

Palikuwa na mjane mmoja mtaa wa reli, akiitwa Mama Mwakio. Mwakio alikuwa mwanawe wa kwanza, kijana wa kazi bandarini Mombasa. Baada yake alikuja binti, Wakesho, aliyekuwa akisoma hapa hapa mjini. Alichokipenda Wakesho kuliko chakula ni kriketi, mchezo ule wa kupiga mpira mgumu wa ngozi kwa gongo bapa la mbao. Shule yao ilikuwa na gongo moja kuukuu lililofungwafungwa utepe, na wasichana wote walilipokezana. Mwakio alimwahidi dadake kwamba atamnunulia lake mwenyewe, na Mwakio hakuwa mtu wa ahadi za mdomoni.

Alilinunua. Lakini kabla hajapata likizo ya kulileta, homa ilimshika, na homa ile haikumpa nafasi. Gongo lilifika nyumbani pamoja na nguo zake, likiwa bado ndani ya nailoni, na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja imebandikwa kwenye mpini.

Mnatujua tulivyo. Kochi jipya hukaa na nailoni yake mpaka nailoni yenyewe ichakae. Vikombe vizuri huzeeka kabatini vikingoja mgeni ambaye hajazaliwa. Ikiwa tunafanya hivyo kwa vikombe, mama huyu angefanyaje kwa kitu cha mwisho alichokishika mwanawe? Alilipandisha gongo juu ya kabati, akalifunika kwa kitambaa cha kufuma, na kila Jumamosi akalipangusa vumbi. Kadi ya dhamana aliitia ndani ya Biblia.

Na si gongo tu lililofunikwa. Jina la Mwakio nalo halikutajwa tena mle ndani. Wakesho akianza kusema, "Kaka alikuwa..." mama yake huona sufuria ya kuoshwa. Alikuwa amemzika mwanawe bila kutoa chozi, watu wakamsifu kwamba amejikaza. Sifa hiyo aliibeba vizuri, wala hakuna aliyemwambia aitue.

Siku moja mwalimu wa michezo, Mwalimu Kilonzo, alikuja kumwona.

"Mama Mwakio," alisema, "gongo jipya mbao yake ni laini. Lapaswa kupakwa mafuta, kisha kugongwa kwa nyundo ya mbao, polepole, jioni baada ya jioni, mpaka lishikamane na kukomaa. Likikutana na mpira mgumu kabla ya hapo, litapasuka."

"Mwalimu, nakushukuru kwa kutujali. Lakini kitu alichokishika mwanangu kipigwe nyundo, tena mbele ya macho yangu? Hapana. Kunywa chai yako."

Mwalimu akanywa chai yake, akaenda zake.

Ikaja siku ya mechi na wasichana wa Mombasa, na wateuzi wa timu ya mkoa walikuja kutazama. Asubuhi ile Mama Mwakio alilishusha gongo, akaivua nailoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Leo utachezea hili," alimwambia Wakesho. "Kaka yako alikununulia wewe."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kutamka "kaka yako" tangu mazishi. Wakesho alijua gongo halijakomaa, maana Mwalimu aliwafundisha wote. Lakini angelikataaje, siku ile, kutoka kwenye mikono ile? Alilipokea kwa heshima. Uwanjani Mwalimu Kilonzo naye aliliona lilivyo jeupe, bila dalili ya mafuta, akafungua kinywa aseme. Kisha akamwona Mama Mwakio ameketi benchi la mbele na gauni lake la kanisani, akakifunga. Adabu nayo ina hasara zake.

Mpira wa kwanza ulipita pembeni. Wa pili ulikuja kasi, Wakesho akaupiga kwa nguvu zake zote, na kilichosikika ni mpasuko mkavu uliofika mpaka kwa watazamaji. Ufa ulikuwa umepanda kutoka nchani hadi katikati ya gongo. Mama Mwakio aliingia uwanjani mchezo ukiendelea. Alipiga magoti, akaubana ule ufa kwa viganja vyake viwili, akiubana na kuubana kana kwamba utashikana. Hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Wakesho alimalizia mchezo kwa gongo la shule, na wateuzi hawakumchagua.

Mama hakukata tamaa hata hivyo, kwa kuwa alikuwa na kadi yake. Aliichukua, akamchukua na Wakesho, wakateremka Mombasa hadi duka la vifaa vya michezo la Mzee Vishram. Mzee alilipokea gongo, akapitisha kidole gumba juu ya mbao, akatikisa kichwa.

"Mama, dhamana ni ya kosa la fundi. Fundi hakukosa."

"Na sisi tumekosa nini? Halikuanguka, halikunyeshewa, halikupigwa popote. Tumelitunza kama yai!"

"Naona. Halikugongwa hata kidogo, wala halikuonja mafuta. Likitunzwa hivi, dhamana inakufa."

"Baba, mimi sitaki unipe jipya."

"Sasa wataka nini?"

"Nataka hili hili. Lirudi kama lilivyokuwa mwanangu alipolishika. Yeye ndiye aliyelinunua hapa, naye tumeshamzika."

Mzee Vishram aliliweka gongo juu ya meza taratibu. Alimtazama Wakesho, kisha mama.

"Kijana mrefu, wa bandarini? Aliyesema ni la dada yake?"

"Ndiye."

"Pole, mama. Pole sana. Nilimwonya kwamba lazima ligongwe. Akacheka. Akaniambia, 'Mzee, wewe humjui mama yangu. Atalivika nailoni alipandishe kabatini.' Nikamuuliza, basi itakuwaje? Akasema, 'Nitakuja likizo nilishushe mwenyewe.'"

Mama Mwakio alicheka. Kicheko kilimtoka bila kupiga hodi, kwa kuwa ndivyo alivyo na ndivyo mwanawe alivyomjua. Kabla hakijaisha kiligeuka kilio. Alilia akiwa amesimama mbele ya wanunuzi, akalia kile kilio alichokizuia kaburini, akaliita jina la mwanawe kwa sauti, tena na tena. Mzee Vishram alirudishia mlango ili wapita njia wasichungulie. Wakesho alimkumbatia mama yake kiunoni, naye akalia kilio chake, kilichokuwa kikingoja ruhusa.

Walipotulia, mzee alisema, "Dhamana siwezi kukupa. Nitalitia gundi na kulifunga uzi. Kwenye mechi halitarudi tena, ila mazoezini litafaa. Lakini lipakeni mafuta, na mligonge."

Siku gongo liliporudi nyumbani, Mama Mwakio aliazima nyundo kwa Mwalimu Kilonzo. Jioni ile waliketi mlangoni, Wakesho ameshika mpini, mama anagonga. Mwanzoni aligonga kwa woga, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kisha akasema, bila kuulizwa, "Unajua kaka yako alikuwa akiogopa bata mzinga?" Wakesho hakujua. Wakacheka, na baadaye wakalia, na nyundo ikaendelea. Ikawa hivyo jioni zote zilizofuata, kila siku na kisa chake cha Mwakio, vingine vya kuchekesha na vingine vya kuumiza.

Jirani mmoja alichoka na kelele, akaja hadi mlangoni. Alipoona machozi yanamtiririka mama yule huku mkono wake unagonga, alishangaa.

"Mama Mwakio, kulikoni? Si ulikuwa umejikaza vizuri?"

Mama Mwakio hakuinua kichwa wala hakusimamisha nyundo.

"Nilijikaza, jirani yangu, nikaenda kupasukia mbele za watu. Niache nilie kwangu. Gongo lisilogongwa nyumbani hupasuka uwanjani."