Susu Lililojazwa Ufuta

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kinu na ngamia, na nyumba isiyo na mtu.

Sogeeni basi. Swalehe, kunja miguu, mwenzako hana pa kukaa. Hadithi hii niliipata kwa bibi yangu, naye hakupenda itiwe chumvi. Nitaisimulia kama alivyoisimulia yeye.

Hapo zamani za kale, katika mji mmoja wa pwani, palikuwa na mume na mke waliokamua ufuta. Mume akiitwa Mshamu, mke akiitwa Somoe. Walikuwa na kinu kimoja, ngamia mmoja, na mtoto mmoja wa kike, Tima. Tima alikuwa hajasimama bado. Alikuwa akitambaa.

Kinu chao hakikuwa kinu cha kutwangia mpunga. Kilikuwa gogo kubwa lililochimbwa, na ndani yake mchi wenye urefu wa watu wawili. Mchi ulifungwa boriti, na boriti ikafungwa kwa ngamia. Ngamia akizunguka, mchi unazunguka. Mchi ukizunguka, ufuta unasagika na uto, yaani mafuta yake, unachuruzika. Macho ya ngamia hufungwa kitambaa kiitwacho kidoto, asije akashikwa na kizunguzungu. Kinu kililia kwiru, kwiru, kutwa nzima, na kwa ajili ya kelele hizo kiliwekwa nje ya mji, mbali na nyumba.

Mume na mke walikwenda kwa zamu. Asubuhi Somoe alikuwa kinuni na Mshamu nyumbani, akipika uji na kumbembeleza mtoto. Adhuhuri wakabadilishana. Wanaume wa mtaani walimcheka Mshamu, wakasema katika nyumba ile aliyeolewa ni yeye. Mshamu aliendelea kukoroga uji.

Siku moja akaja mjumbe kutoka kwa Jumbe, mtawala wa mji wa pili. Jumbe alikuwa akimwoza binti yake, akataka uto wa harusi, mitungi kumi na miwili, kwa siku nne. Wengine husema ilikuwa arobaini. Si kweli, ilikuwa kumi na miwili. Mjumbe akaeleza kwamba uto ukiwa tayari kwa wakati, wao ndio watakaoikamulia nyumba ya Jumbe kila mwaka. Usipokuwa tayari, atatafutwa mwingine.

Wakakamua siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne kulipokucha, mitungi tisa ilikuwa imejaa. Mitatu ilikuwa bado.

Mshamu akasema, "Mama Tima, leo twende sote. Mmoja atie ufuta, mmoja akinge uto. Bila hivyo hatumalizi."

"Na mtoto?"

"Amelala. Hata hatajua kama tumetoka."

Somoe akataka kumchukua mtoto mgongoni, Mshamu akakataa. Mchi ule hauna macho, akasema, na mwaka jana ulimvunja mtu mkono. Somoe akawataja majirani, lakini majirani wote walikuwa wamekwenda harusini. Akasimama katikati ya chumba, hajui aweke wapi mikono yake.

Ndipo vyombo vya nyumba vikasema.

Mtungi wa maji ulikuwa umekaa juu ya mdomo wa kisima uani, maana ubao wa kufunikia kisima Mshamu alikuwa ameuchukua kuzibia ufa wa kinu. Mtungi akasema, "Nendeni. Mimi nimekaa juu ya kisima. Hakuna kitakachotumbukia."

Mkeka ulikuwa umening'inizwa mlangoni, kati ya chumba na ua. Mkeka akasema, "Nendeni. Mimi nimeziba mlango. Hakuna atakayetoka."

Na susu, kile kitanda cha mtoto cha kuning'inia kwa kamba, lilikuwa juu na mtoto ndani yake. Susu akasema, "Nendeni. Mimi nimembeba. Hatagusa chini."

Somoe akamtazama mtoto, akautazama Mkeka, akautazama Mtungi. Walinzi watatu kwa mtoto mmoja, alijiambia. Akajifunga leso, akatoka nyuma ya mumewe. Lakini moyo wake haukutoka naye.

Kinu kikaanza. Kwiru, kwiru. Somoe akikinga uto, Mshamu akitia ufuta, ngamia akizunguka.

Jua lilipopanda kidogo, wakaona kitu kinabingirika njiani. Bingiri, bingiri, bingiri. Ni Mtungi.

"Bi Somoe," Mtungi akasema, "mtoto ameamka. Ananyoosha mikono, na hakuna wa kumpokea. Nimekuja kukuita."

Somoe akafuta mikono, akainuka. Wakati huohuo mtungi aliokuwa akikingia ukapasuka ubavuni, uto ukaanza kuingia mchangani. Mshamu akapaza sauti alete chombo upesi. Somoe akatazama kushoto, akatazama kulia. Chombo kilichokuwa karibu kilikuwa kimoja. Akamshika Mtungi, akamweka chini ya mfereji wa uto.

"Kaa hapa kidogo tu," akamwambia. "Mizunguko kumi, kisha nakwenda."

Mtungi alitaka kusema neno, lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa uto.

Ngamia akageuza shingo. Akasema, "Mimi nimefungwa macho, sioni niendako. Nyinyi msiofungwa mwaona nini?"

Mshamu akaendelea kutia ufuta.

— Bibi, na kisima?

Kisima kimefanya nini, Mwanajuma?

— Sasa kiko wazi.

Kiko wazi. Mkeka bado upo mlangoni. Sikiliza.

Somoe akahesabu mizunguko. Mmoja, miwili, mitatu. Ilipofika sita, Mshamu akamwuliza kama ufuta uliobaki utatosha. Somoe akamjibu, na hesabu ikampotea. Akaanza tena. Kwiru, kwiru.

Jua lilipofika juu ya minazi, wakaona kitu kinakuja kimejikunja, kinajikunjua, kinajikunja tena. Ni Mkeka.

"Bi Somoe," Mkeka akasema, "mtoto analia. Analia kwa njaa, na mimi sina ziwa. Nimekuja kukuita."

Somoe alikwisha jua kabla Mkeka hajasema. Maziwa yalikuwa yamemjaa, na leso ilikuwa imelowa kifuani. Alikuwa ameikaza mara mbili. Akainuka, akaenda hatua tatu. Zilikuwa tatu tu, maana wingu likapita na manyunyu yakaanza kuanguka, na ufuta wote uliobaki ulikuwa umeanikwa mchangani. Ufuta ukilowa haukamuliki.

Mshamu akamshika Mkeka, akamtandaza juu ya ufuta. "Kaa hapa kidogo tu," akasema. "Mvua ikipita, Mama Tima ataondoka."

Mvua ikapita. Pakawa na ufuta wa kuanika upya juu ya Mkeka, na wa kutia gunia, na uto wa kukinga. Somoe hakuondoka.

Ngamia akageuza shingo. "Mimi nimefungwa macho, sioni niendako. Nyinyi msiofungwa mwaona nini?"

Mshamu akamwambia ngamia atembee.

— Bibi, mlango nao uko wazi.

Uko wazi.

— Lakini mtoto yuko juu.

Yuko juu, Swalehe. Bado yuko juu.

Wakajaza mtungi wa kumi na moja. Ukabaki mmoja. Mshamu alikuwa anacheka peke yake kwa furaha. Akamwambia mkewe kwamba kuanzia mwaka huu watakuwa wakamuaji wa Jumbe, na watu watawapisha njiani. Somoe akatikisa kichwa tu. Masikio yake yalikuwa yanatafuta sauti ya mtoto ndani ya kelele za kinu, na kila kinu kilipolia alidhani ni Tima.

Jua liliposimama utosini, wakaona kitu kinajikokota njiani, kamba zake zinaburuta nyuma. Ni Susu.

"Bi Somoe," Susu akasema, akihema. "Mtoto ameacha kulia."

Mshamu akashusha pumzi. "Basi amelala. Alhamdulillahi."

"Hakulala, Bwana Mshamu. Ni kwamba..."

Lakini gunia la mwisho lilikuwa limechanika mikononi mwa Mshamu, na ufuta unamwagika. Akalishika susu kwa kamba zake, akalitundika kwenye tawi la mti, akalipanua mdomo. "Mama Tima, mimina humu, upesi. Mzigo wa mwisho huu."

Somoe akachota kwa mikono miwili, akamimina. Akachota, akamimina. Ufuta ukateremka, ukajaza pale panapolala miguu, ukajaza pale panapolala mgongo. Susu likawa zito. Likaanza kuyumba taratibu, kwa mzigo uleule liliouzoea kila siku. Somoe akanyoosha mkono kulituliza, kama anavyolituliza kila jioni. Mkono wake ukagusa pale panapolala kichwa. Palikuwa na ufuta.

Mkono ukabaki papo hapo.

"Mshamu," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

"Si yuko ndani ya susu?"

"Susu hili hapa."

Mshamu akalitazama susu. Akautazama Mkeka, na juu yake ufuta. Akautazama Mtungi, umejaa uto mpaka shingoni.

Susu akasema, "Alikuwa akijirusha. Kamba zangu zikalegea, nikamshusha chini polepole. Hamkuniacha nimalize."

Ngamia akasimama mwenyewe. Kwa mara ya kwanza siku ile pakawa kimya.

— Bibi, alitumbukia?

Usinikate. Hata Somoe hakujua.

Wakakimbia. Walipita shamba la watu, wakapita makaburi, wakaingia vichochoroni. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza; mji mzima ulikuwa harusini. Somoe aliteleza, akainuka. Viatu vya Mshamu vilibaki njiani.

Wakaingia nyumbani. Mahali pa susu patupu. Mlango mtupu. Ua ulikuwa umefagiwa asubuhi, na juu ya mchanga uliofagiwa palikuwa na alama za viganja viwili vidogo na magoti mawili. Zilitoka mlangoni, zikaenda moja kwa moja hadi kisimani.

Tima alikuwa ukingoni. Pale Mtungi alipokuwa amekaa palibaki duara la mchanga wenye maji, na mtoto alikuwa na kiu. Alikuwa amelala kifudifudi akilamba tope, na mkono wake mmoja ulikuwa unaning'inia ndani ya kisima.

Mshamu akafungua kinywa amwite. Somoe akamziba kwa kiganja. Mtoto akiitwa hugeuka, na pale hapakuwa na nafasi ya kugeukia. Somoe akapiga magoti. Akaweka viganja vyake mchangani, akatambaa kama atambaavyo mtoto, pole, pole, bila kuondoa macho yake kwa Tima.

Kokoto likaporomoka kisimani. Chubwi. Tima akafurahi sauti ile, akajisogeza mbele aitafute.

Mshamu hakuweza kuvumilia. Akaruka, akamshika mtoto mguu. Lakini mikono yake ilikuwa mikono ya kinuni, imeloa uto hadi viwikoni. Mguu wa Tima ukamponyoka kama samaki, na mtoto akaingia kichwa mbele.

Nyamazeni, nasema.

Mikono ya Somoe nayo ilikuwa na uto. Lakini Somoe alikuwa ametambaa. Kwa kila hatua alikuwa ameweka viganja mchangani, na mchanga ulikuwa umegandamana na uto, viganja vyake vimekuwa vikali kama msasa. Akajitupa, akaudaka mguu uliokuwa unazama. Mguu haukuponyoka. Mshamu akamshika mkewe kiunoni, akajitia nyuma kwa uzito wake wote, wakaanguka chali wote watatu.

Tima akalia. Alilia sana, na hakuna aliyemnyamazisha. Kifundo cha mguu wake kilikuwa kimechubuka pande zote kwa mchanga ule.

Wakakaa pale pale, migongo yao imeukinga mdomo wa kisima. Somoe akampa mtoto ziwa. Mshamu akasema ni yeye aliyesema twende sote. Somoe akasema ni yeye aliyekinga uto kwa mtungi wa maji.

Alasiri mjumbe wa Jumbe akafika na wapagazi wake. Kule kinuni alikuwa amemkuta ngamia amesimama na boriti yake, na susu limejaa ufuta, akastaajabu. Akaja kubisha hodi nyumbani. Mshamu hakutoka, alikuwa amemshika mtoto kifuani na hakutaka kumweka chini. Somoe ndiye aliyekwenda mlangoni. Akamwambia achukue mitungi kumi iliyoko, ila ule wenye tumbo pana asiuguse, huo ni wa nyumba.

"Tuliagana kumi na miwili," mjumbe akasema.

"Tuliagana."

"Na muda mlikuwa nao. Asubuhi ya leo mlikuwa wapi?"

"Kinuni."

"Na sasa?"

"Sasa tuko nyumbani," Somoe akasema.

Mjumbe akaondoka na kumi. Mwaka uliofuata hakurudi, na wala hawakuwa wakamuaji wa Jumbe. Watu hawakuwapisha njiani. Asubuhi Somoe alikuwa kinuni na Mshamu nyumbani, adhuhuri wakabadilishana, na wanaume wa mtaani wakaendelea kucheka.

— Bibi, na ngamia?

Somoe alirudi jioni ileile akamfungua kidoto. Ngamia hakuuliza tena.

Basi sikieni, nyinyi mtakaooa na nyinyi mtakaoolewa. Kazi ni ya kulisha nyumba. Ukiona imeanza kuila nyumba, chombo baada ya chombo, usihesabu mizunguko kumi. Msimamishe ngamia.

Hadithi yangu imefika hapo, nami sivuki hapo. Aliyeisikia ni yake; aliyesinzia amwombe mwenzake.