Aliyekuwa Chini ya Meza

Wapendwa, kabla sijafungua mdomo, kila mmoja aweke mkono kifuani aniahidi kwamba hili litabaki humu humu ndani. Hata mume asiambiwe. Hata yule shoga wa kusukana nywele. Mmeahidi? Haya. Nami niliahidi hivyo hivyo nilipoambiwa, kwa hiyo tuko sawa, nasimulia.

Kulikuwa na mama mmoja. Jina silitaji, na akipita na begi lake jekundu naomba shingo zenu zisigeuke. Mama huyu alikuwa karani kwenye kampuni ya ujenzi, kazi yake kuandika wanaoingia na kutoka getini, na alikuwa ameahidiwa kupandishwa awe msaidizi wa wapima viwanja, mradi alete cheti cha chuo. Chuo chenyewe husomwa nyumbani, kwenye kompyuta. Somo lililombabaisha lilikuwa moja tu, hesabu za pembetatu. Wasomi wanaziita trigonometria. Humo mna sini, kosini na tanjenti. Mimi mara ya kwanza nilidhani ni mapacha watatu wa mtu. Nimeelezwa kwamba mwenye kuzijua anasimama chini, anatazama kilele cha mnara, anapiga hesabu zake, kisha anakwambia urefu wa mnara bila kuupanda.

Sasa mama wa watu alitaka zaidi ya hapo. Alitaka kujua urefu wa mnara bila kuupanda na bila kupiga hesabu.

Somo likianza, yeye hatulii. Mwalimu anafundisha humo kwenye kompyuta, yeye kaenda kugeuza maharage. Anarudi, anakaa upande, anakumbuka nguo kwenye kamba, ananyanyuka tena. Mwalimu akiuliza kama wameelewa, anakimbia kubonyeza alama ya dole gumba, maana yake ameelewa, kisha huyo jikoni. Mtihani ukakaribia na hajui hata pembe inaanzia wapi.

Ndipo akamkumbuka mwalimu mmoja wa tuisheni wa mtaa wa pili, mwanamume wa makamo, mtanashati, anayejipaka mafuta ya kunukia mpaka hata usipomkuta njiani unajua kapita. Wakapatana. Siku ya mtihani mwalimu atakaa chini ya meza, kitambaa cha meza kishuke mpaka sakafuni. Mama atasoma swali kwa sauti kama mtu anayejisemea, mwalimu ataandika jibu kwenye kipande cha boksi na kumgusa nalo mguuni. Jambo kama hilo linataka mazoezi. Basi mwalimu akawa anakuja mchana mchana, kwa mlango wa uani, viatu mkononi, na pazia linafungwa.

Na mume wa mama huyo anaendesha lori, yuko safari za mbali. Nani kati yetu angeyaona hayo akanyamaza? Msinitazame hivyo. Jirani wa mbele, muuza mandazi, aliyaona. Akaenda kwa mama mkwe, akakataa kiti, akakataa maji, akasema yeye si mtu wa maneno, ila pazia la chumba cha mwanao siku hizi linafungwa mchana kuliko usiku. Mama mkwe akaenda kwa mjumbe wa mtaa. Na mtaa ukisikia kuna fumanizi, nani hubaki na kazi? Hata wasiomjua mume walikuja kumwonea uchungu.

Siku ya mtihani ikafika, saa ya kwenye kompyuta inahesabu kurudi nyuma, mama kajifunga kilemba kizuri, jasho linamtoka. Wanafunzi wote wako kwenye kioo, kila mmoja na kidirisha chake, na msimamizi anawatazama kwa kamera. Sheria ni kwamba mtu haondoki kwenye kiti wala hazungumzi na mtu. Mjumbe akagonga mlango. Mama akanyamaza. Akagonga tena. Mama akanyamaza, na chini ya meza mtu anatetemeka mpaka kalamu zinacheza juu. Huko nje kunyamaza kukahesabiwa kuwa ni kukiri. Wakasukuma, kitasa kikaachia.

Wakaingia kwa mkupuo. Mama mkwe akatazama kitanda, kimetandikwa. Akachungulia nyuma ya kabati. Kisha akayanusa yale mafuta, akainama, akanyanyua kitambaa.

"Mkwe wangu," akasema polepole, "huyu mwanamume anafanya nini chini ya meza yako?"

Kabla hajajibiwa, sauti ya msimamizi ikatoka kwenye kompyuta, sauti ya dada mpole kabisa. "Samahani, mama, na mimi naomba kujua. Huyo aliye chini ya meza ni nani?"

Hapo nataka tusimame kidogo. Swali ni moja, wanaouliza ni wawili. Akisema kweli, ndoa inapona na cheti kinapotea. Akisema ni fundi wa meza, labda chuo kitaamini, lakini mama mkwe haamini, na mume akirudi, begi jekundu litakuwa limeshawekwa nje. Wewe ungejibu nini? Na wewe unayecheka hapo nyuma?

Wapendwa, mama yule hakuzini. Hilo nalisema mbele ya wote. Majirani walipima kutoka dirishani kwao na kipimo chao kilikuwa cha uongo. Lakini tazameni, kitu pekee alichokuwa nacho cha kujitetea kilikuwa wizi wake. Ndivyo sisi tulivyo. Tunaficha kosa letu dogo, tunafunga pazia, tunaona yamekwisha. Siku tunaposingiziwa kubwa tusilolitenda, tunatafuta shahidi, na shahidi ni lile dogo tulilolificha. Tutathubutu kumwita? Na sisi tuliosukuma mlango, tulikwenda kuokoa ndoa, au tulikwenda kuona? Mungu anajua nani alishika simu tayari kwa picha.

Mama akafumba macho. "Mama," akamwambia mkwewe, "huyu ananifanyia mtihani. Hajanigusa ila mguu, na ni kwa boksi."

Mama mkwe akaketi kitandani akamshukuru Mungu kwa sauti. Muuza mandazi akaondoka bila kuaga. Mwalimu akatambaa kutoka chini ya meza, magoti yamejaa vumbi, na kwa kuchanganyikiwa akainua mikono yote juu kama mwizi aliyezingirwa, boksi mkononi, jibu limeandikwa kubwa, limeielekea kamera. Kwenye kioo watu wakakodoa macho kulisoma. Kisha kidirisha kimoja baada ya kingine, vichwa vikaanza kuinama na kalamu zikaanza kukimbia.

"Wekeni kalamu chini," akasema msimamizi. "Nyote nawaona."