Hodi Ukweni

Hapo zamani, si ile ya majini na masultani, ni zamani ya juzijuzi tu, simu zimeshajaa mifukoni, alikuwapo mzee mmoja wa Muheza akiitwa Mhina. Mkewe, Bi Tatu, alikuwa amefariki. Enzi za uhai wake walicheza bao kila alasiri, na mke ndiye aliyekuwa akimfunga mume, kisha akamcheka. Ilipokwisha arobaini watu wakarudi makwao, bao likabaki limeegemezwa ukutani. Mzee alikuwa mpweke, tusipambe maneno.

Watoto wake watatu walikuwa Dar es Salaam, kazi yao kutengeneza michezo ya kompyuta. Nafasi ya kuja hawakuipata. Wakasema, basi tumtengenezee baba mchezo.

Mwanakombo akachora. Akachora majani yenye umande, akachora kanga ya mama yao imeanikwa kambani, bado inachuruzika maji. Chausiku akatunga hadithi: mke amerudi kwao, mume anakwenda kumrejesha. Semboja akajenga dunia, milima na mito na njia ndefu ya kumchosha mtu.

Mzee akaupenda mchezo ule, asikwambie mtu. Akawa anaamka ana pa kwenda. Anatembea kutwa, anavuka mto, anapanda mlima, anamtafuta mkewe.

Siku moja watoto wakaona kwenye simu zao kwamba yule mtu wa baba yao mchezoni amefika nyumba ya wakwe, kasimama mlangoni, hasogei. Asubuhi kasimama. Adhuhuri kasimama. Alasiri kasimama. Wakampigia baba, hapokei. Kesho yake vilevile. Roho zikawaruka, wakapanda basi.

Wakafika, wakapiga hodi.

"Karibuni," akaitikia mzee, mzima wa afya, macho kwenye televisheni, mchezo umewashwa. Akawauliza wamepatwa na nini, mbona wanahema. Simu alikuwa ameiacha chumbani, hakuthubutu kuifuata, akichelea asije akaitwa ndani naye hayupo mlangoni.

Chausiku akamwambia asukume mlango tu. Mama yuko ndani, kahawa iko tayari, ndivyo alivyotunga.

"Ukweni, mwanangu?" akasema mzee. "Nimepiga hodi, sijaitikiwa. Niingie tu kama mwizi?"

Kuweka mtu wa kuitikia hodi, hakuna aliyekumbuka.

Mzee akazima televisheni. "Nyumba hii haijapigwa hodi tangu arobaini," akasema. "Leo imepigwa. Ambaye kazi yake ndiyo iliyowaleta, achukue bao la mama yenu."

Basi wakaanza. Mwanakombo akasema bao ni lake. Kamba ingekuwa tupu, baba angejua hakuna mtu, angejiondokea. Ile kanga mbichi ndiyo iliyomweka pale.

Chausiku akasema bao ni lake. Bila hadithi baba angekuwa anamfuata nani? Na ingekuwa nyumba nyingine yoyote, si ukweni, angeshaingia zamani, nao wasingepata hofu ya kuwapandisha basi.

Semboja akasema bao ni lake. Dunia ingekuwa finyu, baba angegeuka na kurudi siku nyingine. Ile njia ndefu ndiyo iliyomfanya aone uchungu kugeuka.

Wakabishana, kila mmoja anavuta kwake. Mzee akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akalishusha bao, akaliweka mkekani, akaanza kupanga kete. Bao lile halina picha, halina hadithi, na dunia yake inaishia mkono unapofika.

"Ila halitoki humu ndani," akasema. "Mwenye nalo atakuwa anakuja tucheze."

Hapo Semboja akatazama saa, basi la jioni linakaribia. Akasema, ukifikiri vizuri, picha ndizo zilizofanya kazi. Mwanakombo akasema hapana, hadithi ya Chausiku ilikuwa na nguvu zaidi. Chausiku naye akasema Semboja ndiye kaka mkubwa, heshima ni yake.

Kete zimeshapangwa, mzee kaketi upande wake, upande wa pili wa mkeka hauna mtu.

Sasa nyie mnaonisikiliza, msijifanye mmesinzia. Mwenye picha, mwenye hadithi, au mwenye dunia pana? Mtajeni mmoja tu, mzee anangoja. Je, nani akae pale mkekani?