Viti Kumi na Kimoja

“Wasioombana chumvi hawaonani.” Mmemsikia shangazi yenu akiitamka mkacheka, eti chumvi yenyewe inauzwa kila duka. Chekeni, kisha mnisikilize. Methali hii haikuanza enzi za mababu. Ilianza juzi tu, simu zikiwapo, na ilitoka kinywani mwa Bi Nakijwa wa Usangi.

Bi Nakijwa alikuwa matroni wa shule ya bweni kwa miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wasichana wanakula, wanalala na hawalalamiki. Alipostaafu, mumewe naye akafariki, akabaki na nyumba kubwa iliyokuwa kimya mno. Watoto wake watatu waliishi mijini na familia zao, wakikutana kwake Krismasi tu. Na Krismasi iliyopita waligombana vibaya: nani kamaliza mkaa, nani hajachota maji, mkwe gani kashinda jikoni huku mawifi wamejilaza. Wakaondoka siku mbili kabla ya siku waliyopanga, bila hata kuagana. Bi Nakijwa alilia, kisha akafanya kile anachokijua. Akapanga.

“Mwaka huu hakuna jiko,” akawaambia kwa simu. “Tunakwenda hoteli ya pwani, zile ambazo ukishalipa kila kitu kimo. Unavaa kibangili chao, unakula na kunywa saa yoyote, humwombi mtu kitu.”

Alipanga miezi minane. Alimuuliza kila mmoja anataka nini, akaandika kwenye daftari kama alivyoandika mahitaji ya bweni. Kiondo, mwanawe wa kwanza, alitaka mahali pa kutazama mpira. Namkunda alitaka bwawa la watoto. Elisante, kitindamimba, alitaka chumba mbali na kelele, maana mkewe alikuwa na mimba changa. Wote wakapata. Mbele ya jina lake mwenyewe hakuandika kitu. Alichotaka ni kuwaona wote wamekaa meza moja, na hilo alidhani litakuja lenyewe.

Asubuhi ya kwanza aliwahi, akaunganisha meza, akapanga viti kumi na kimoja na kutandaza kanga juu ya viwili vya mwisho, asije mtu akavichukua. Namkunda akapita na wanawe. “Shikamoo mama, sisi tumeshakula!” Wakaelekea bwawani. Elisante na mkewe waliagiza chakula chumbani. Kiondo aliamka adhuhuri. Wahudumu wakawa wanakuja kwa adabu: “Samahani bibi, kiti hiki kina mtu?” Naye anajibu, “Anakuja.” Siku ya pili akajibu hivyohivyo, ila kwa sauti ndogo. Siku ya tatu alikunja kanga zake, akawaachia viti wavichukue.

Mchana huo alikaa peke yake mbele ya sahani ya maharage yaliyopooza. Alijisikia mpweke kuliko siku yoyote tangu alipomzika mumewe. Kule nyumbani angalau alijua watoto wako mbali. Akampigia Kiondo.

“Mwanangu, hebu njoo unipe chumvi.”

“Chumvi? Kwani uko wapi, mama?”

“Mezani.”

Kiondo akacheka kwa upendo. Nyuma yake watu walikuwa wakishangilia bao. “Sasa mama, si umwambie mhudumu? Hapa kila kitu kipo. Au chumvi haipo?”

Kichupa cha chumvi kilikuwa mbele yake, karibu na mkono wa kulia.

“Ipo, mwanangu,” akasema. “Haya, tazama mpira wako.”

Akala maharage yake hivyohivyo, yote, kwa kuwa hakuwahi kumwaga chakula maishani.

Siku ya kuondoka walikusanyika mapokezi wakikatwa vibangili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wafike wote kumi na mmoja kusimama pamoja. Namkunda akamkumbatia mama yake kwa furaha ya kweli.

“Mama, umetupangia vizuri mno! Siku tano nzima, na hatujagombana hata mara moja!”

“Kweli kabisa,” Elisante akadakia. “Mwakani turudi hapahapa.”

Wote wakaitikia, isipokuwa Kiondo. Yeye aliikumbuka ile simu, akaona haya kumtazama mama yake usoni.

Bi Nakijwa aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, taratibu, hadi mjukuu wa mwisho.

“Mngegombana wapi, wanangu?” akasema. “Wasioombana chumvi hawaonani.”