Pumzi ya Atupele

Sikio halisomi bei.

Mmenisikia nikimwambia hivyo Lusajo aliposema spika za masikioni za bei chee hazitoi muziki. Mkacheka, kisha mkaniuliza nimeutoa wapi msemo huo. Ulianzia hapa hapa Tukuyu, nyumbani kwa kaka yangu Anyelwisye, na ulizaliwa na hasira. Hata leo nikiusimulia, hasira ile hunipanda.

Kaka na mkewe Sekela walikuwa na mtoto mmoja, Atupele, mwimbaji wa kwaya. Maradhi ya ini yalimchukua akiwa bado msichana. Kilichobaki ni wimbo mmoja tu aliorekodiwa kanisani akiimba peke yake, nao ulikuwa kwenye simu ya kaka.

Baada ya msiba, wifi Sekela alianza kuumwa nyonga. Maji walikuwa wakichota bondeni, na milima yetu mnaijua. Wakakubaliana kwamba chai ikiuzwa watanunua tanki la kuvunia maji ya mvua. Sekela aliichuma chai ile kwa mikono yake, huku akichechemea.

Chai ikauzwa. Kaka akaenda Mbeya kununua tanki, akarudi na boksi dogo kwapani. Ndani mlikuwa na kisanduku cheusi cha chuma, amplifaya ya hedifoni. Unakichomeka kwenye simu, hedifoni unazichomeka kwenye kisanduku, nacho kinaikuza sauti kabla haijafika masikioni. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba bila hicho, maisha yake yote amekula maganda ya muziki, tunda halijui.

Sekela alichukua ndoo, akateremka bondeni.

Siku moja nilikwenda kuwatembelea, nikamkuta wifi ameketi njiani katikati ya mlima, ndoo iko kando, uso umekunjamana kwa maumivu. Nikajitwika ile ndoo. Tulipoingia ndani, kaka alikuwa kwenye kiti, hedifoni masikioni, macho ameyafumba. Nilimvua hedifoni mwenyewe.

"Tanki liko wapi?" nikamuuliza.

"Dada, huwezi kunielewa," akasema. "Kwa kisanduku hiki namsikia Atupele akivuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Zamani pumzi ile haikuwepo. Unataka niiuze nipate tanki?"

Sekela alikuwa ameegemea mlango. "Anavuta pumzi?"

"Ndiyo."

"Na siku zote hizi umekaa nayo peke yako."

Kaka akatazama chini.

Mimi nilikuwa nimeng'amua jambo nilipomvua hedifoni, maana wimbo ulikuwa ukivuma humo. Kila alipokitumia kisanduku, aliipandisha sauti, na sauti ikiwa kubwa, mtu huiona nzuri zaidi. Wanasema zipo hedifoni nzito zinazodai nguvu ya namna ile. Zake zilikuwa za kawaida. Nikamwambia ageukie ukuta, nimpigie wimbo kwa njia zote mbili, sauti ikiwa sawa, yeye aseme kisanduku ni kipi. Akakubali kwa dharau.

Wimbo ukapita mara ya kwanza, akatikisa kichwa. "Huu mkavu. Hiyo ni simu tupu."

Nikaupiga mara ya pili. Ulipokaribia ubeti wa pili, akainua mkono, machozi yakamtoka. "Hapo. Huyo ndiye mwanangu. Hiki ndicho kisanduku."

Alipogeuka, kisanduku kilikuwa mapajani mwa Sekela, waya wake unaning'inia. Ule aliouita mkavu ndio uliopita kisandukuni.

"Mmenichezea," akasema kwa ghadhabu. Akachomeka hedifoni kwenye simu kwa mkono wake mwenyewe. Akasikiliza. Pumzi ilikuwepo. Akaketi.

"Ulikuwa unauzima," Sekela akamwambia. "Tangu tumzike, hukuwahi kuufikisha wimbo huu ubeti wa pili. Ulikuwa ukiuzima mapema, unatoka nje. Umelipa tanki langu upate moyo wa kumsikiliza mwanao. Ungeniita tukasikiliza wote, moyo huo ungeupata bure." Alisema bila kupaza sauti. "Sikio halisomi bei, Baba Atupele. Nyonga yangu ndiyo inayoisoma."

Kisha akachomoa hedifoni, akauweka wimbo upya, ukasikika kwa kispika kidogo cha simu. Aliisikiliza ile pumzi akiwa amesimama, akaenda jikoni.

Muuzaji alikikataa kisanduku kiliporudishwa. Kaka akakiuza kwa hasara, fedha haikufikia tanki. Ikabidi msimu mzima ateremke yeye bondeni, ndoo kichwani, wanaume wenzake wakimwangalia. Tanki lilikuja na chai ya mwaka uliofuata. Sekela alilitumia, ila hakumsamehe upesi, nami sikumhimiza.

Watu wa mtaa wakalichukua neno lake. Anayejisifia kitu kwa sababu tu kilimgharimu, huambiwa afumbe macho kwanza, kisha aseme anasikia nini, na atazame ni nani nyumbani anayekilipia.

Sikio halisomi bei.